Mradi ukifika mwaloni: namna ya kulinda riziki, maji na makaburi ya mtaa wenu

Dalili ya kwanza huwa ndogo. Watu wawili waliovaa kofia ngumu wanapima kwa kifaa cha miguu mitatu karibu na vichanja vya dagaa. Siku chache baadaye kuna bikoni mchangani, au X nyekundu kwenye ukuta wa banda la injini. Barabara, bandari, hoteli, chanzo cha maji, vizimba vya samaki: vyovyote iwavyo, kuanzia siku hiyo mtaa una muda mfupi wa kujiandaa, na muda huo ukipotea haurudi.

Mwongozo huu ni wa wakazi wa mialo (sehemu za ufuo mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga na samaki kuuzwa) na mitaa ya ufukweni mwa Ziwa Victoria, kuanzia Kirumba, Igombe, Kayenze na Luchelele hadi Sengerema na Ukerewe. Hauwafundishi kupinga maendeleo. Unaeleza namna ya kuhakikisha maendeleo hayawaachi wenye mwalo wakiwa maskini kuliko walivyokutwa, na hilo ni suala la haki, si la huruma ya mtu.

Tanzania ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966. Humo kuna haki ya kazi (ibara ya 6), chakula na makazi (ya 11), afya (ya 12) na utamaduni (ya 15). Serikali inawajibika kuzitimiza hatua kwa hatua, kwa kadiri ya juu ya uwezo uliopo. Maneno "hatua kwa hatua" hutumiwa sana kuwanyamazisha watu. Yachukueni kwa uzito wake: hatua ina tarehe, ina fungu la bajeti, na haiendi kinyumenyume. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya 2015 yanasema mambo yale yale kwa lugha ya mipango. Lengo dogo la 14.b linahusu wavuvi wadogo kufikia rasilimali na masoko. Malengo hayo si sheria, kwa hiyo yatumieni kwenye kikao cha mipango, si mahakamani.

Hesabu kwanza, kabla mthamini hajaja

Kazi yenye faida kubwa kuliko zote hufanyika kwa kaunta buku moja, futi kamba na simu yenye kamera. Mnaandika mwalo ulivyo leo.

Chagueni watu watano: mmoja wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni), mmoja wa serikali ya mtaa au kijiji, wanawake wawili wanaoanika au kuchuuza, na kijana mmoja anayeandika vizuri. Wagawe mwalo vipande kwa alama zinazojulikana (mti, mwamba, choo, gati), kisha wapite kipande kimoja baada ya kingine. Kwa kila mtu waandike jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu, kazi yake, tangu mwaka gani, eneo analotumia kwa hatua au mita, na vyombo vyake. Picha ipigwe mwenyewe akiwa amesimama mbele ya kichanja au banda lake, simu ikiwa imewashwa mahali na tarehe.

Kosa la kwanza ni kuandika wenye mitumbwi peke yao. Mwalo una waanikaji wa dagaa, waparuaji wa samaki, wabebaji, mafundi wa nyavu na wa mitumbwi, wauza barafu, mama lishe. Hawa hawana hati ya kitu chochote, na orodha za miradi huwaruka kwa sababu hiyo. Kama hawamo kwenye daftari lenu, msitegemee wawe kwenye la mradi.

Kosa la pili ni la kalenda, na wageni hawalijui. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hutulia, na wavuvi wengi waliotoka visiwa na wilaya nyingine hurudi kwao. Mradi ukija kuhesabu watu wiki ya mbalamwezi, utakuta mwalo nusu tupu na utaandika nusu hiyo. Fanyeni hesabu yenu wakati wa giza, mrudie giza linalofuata, na mwombe kwa barua kwamba hesabu ya mradi nayo ifanyike giza. Sababu muiandike kwenye barua, maana mhandisi aliyekulia mbali na ziwa hataielewa mwenyewe.

Kosa la tatu ni vipimo. Mwaloni watu huuziana kwa sado, debe na gunia. Mthamini anataka kilo na shilingi. Jazeni sado tatu za dagaa wakavu, kila moja ipimwe kwenye mizani, na wastani wake uandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari mbele ya mashahidi wawili. Fanyeni vivyo kwa ndoo ya dagaa wabichi.

Kisha kila mfanyabiashara aanze kuandika faida yake, si mauzo. Kwa mfano, muanikaji anauza dagaa wa shilingi 900,000 kwa mwezi. Ametoa 560,000 kununua wabichi, 60,000 za vibarua, 70,000 za usafiri na 30,000 za ushuru. Jumla ya gharama ni 720,000, faida ni 180,000. Hiyo 180,000 ndiyo namba inayohitajika, kama tutakavyoona. Akiandika 900,000 atakataliwa yote. Akisema kwa mdomo "kama elfu tano kwa siku", atakadiriwa na mtu asiyemfahamu. Wastani uwe wa miezi 12 ikiwezekana, miezi mibaya ikiwemo, kwa sababu daftari lenye miezi mizuri tu halisadikiki. Ushahidi wa kushikiza ni stakabadhi za ushuru wa halmashauri, leseni ya uvuvi na ya chombo, kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo, na taarifa ya miamala ya simu.

Maji: pimeni foleni, umbali na bei

Mradi unaofunga njia ya kwenda ziwani unaweza kuwa umefunga kisima cha mtaa mzima. Unaweza pia kuwa nafasi ya kupata bomba, ikiwa mtadai kwa namba.

Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka kipimo cha vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Kijiji cha watu 1,500 basi kinahitaji vituo 6 na lita 37,500 kwa siku. Hesabuni vilivyopo, toeni vilivyoharibika, na mwandike kwa siku saba mfululizo saa ambazo maji yalitoka. Kituo kikavu kisihesabiwe kuwa kituo.

Halafu bei. Familia ya watu 6 kwa lita 25 inatumia lita 150, yaani ndoo 8 za lita 20. Ndoo ikiuzwa shilingi 50, ni shilingi 400 kwa siku, 12,000 kwa mwezi. Kwa kaya yenye kipato cha 200,000 hiyo ni asilimia 6, wakati kipimo kinachotumiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa ni asilimia 3. Tena ndoo ya shilingi 50 ni sawa na shilingi 2,500 kwa yuniti, maana yuniti moja ni ndoo 50. Linganisheni na bei iliyoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za maji na nishati, kwa wateja wa majumbani. Mara nyingi mtagundua kuwa anayenunua kwa ndoo analipa zaidi ya mwenye bomba ndani, na tofauti hiyo ndiyo hoja yenu.

Mjini hoja hiyo inaenda MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza), na isipojibiwa inapanda EWURA. Vijijini inaenda kwa chombo cha watumia maji, kisha RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya. Msiseme tu kwamba maji ya ziwa yapo karibu. Maji ya kuchota ufukweni yana kichocho, na kipindupindu hufuata mialo isiyo na vyoo. Haki ya maji ni ya maji salama.

Mkutano, na karatasi mnayotia sahihi

Ushirikishwaji wa mradi huthibitishwa kwa karatasi mbili: muhtasari na mahudhurio. Zote mbili zina hatari.

Karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa cha habari huweza kuambatishwa baadaye kama orodha ya walioridhia. Kabla ya mtu wa kwanza kusaini, andikeni juu kwa kalamu: "Mahudhurio ya mkutano wa tarehe fulani. Si ridhaa ya mradi wala ya fidia." Mistari mitupu iliyobaki ipigwe mkwaju. Muhtasari usomwe kabla watu hawajatawanyika, na maswali yasiyojibiwa yaandikwe kama maswali yasiyojibiwa. Pigeni picha kila ukurasa papo hapo.

Saa ya mkutano ni siasa tosha. Saa nne asubuhi wanawake wapo vichanjani na wavuvi wa usiku wamelala. Ombeni saa tisa alasiri. Mkutano ukifanyika saa nne hata hivyo, muhtasari uonyeshe wanawake wangapi walikuwepo.

Ombeni taarifa kabla ya mkutano, si ndani yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi na inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Barua iwe fupi:

"Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, tunaomba nakala za: (1) ramani ya eneo la mradi yenye mipaka; (2) ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, na cheti cha mazingira pamoja na masharti yake; (3) jina la mfadhili au mkopeshaji wa mradi; (4) tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa kwa wanaoguswa; (5) mpango wa fidia na wa kurejesha shughuli za kiuchumi. Waombaji ni raia wa Tanzania; majina na namba za vitambulisho vimeambatishwa."

Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inarudi na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua isiyo na mhuri ni kama haijaandikwa. Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na sababu itaonekana mbele.

Uthamini na fidia

Hapa ndipo fedha zinapopotea, kwa hiyo nendeni polepole. Kanuni za Ardhi za 2001 kuhusu uthamini wa fidia zinataja mafungu, na kila mmoja ahakikishe anayaona yote kwenye jedwali lake: thamani ya ardhi na maendelezo (nyumba, miti, mazao), posho ya usumbufu, ambayo ni thamani ya ardhi mara wastani wa riba ya amana za miezi 12 za benki za biashara, usafiri wa tani 12 kwa umbali wa kilomita 20, kodi ya nyumba kwa bei ya soko mara miezi 36, na faida iliyopotea, yaani faida halisi ya mwezi mara miezi 36. Yule muanikaji wetu wa 180,000 anazungumzia 6,480,000. Kanuni zinataka hesabu zilizokaguliwa "pale inapohitajika na inapowezekana", na maneno hayo yanamfungulia mlango mtu mwenye kaunta buku. Asiyeandika kitu hana cha kuonyesha mlangoni. Kiwanja ambacho hakuna anayekikalia hakipati usafiri, kodi wala faida.

Siku ya uthamini mwenye mali awepo mwenyewe, atembee na mthamini, ahesabu miti kwa sauti. Asitie sahihi fomu yenye nafasi tupu. Apige picha fomu iliyojazwa kabla haijaondoka. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho na akaunti ya benki, maana herufi moja ikikosewa malipo hukwama. Nyumba ya wanandoa iandikwe majina yote mawili. Kama kiwanja ni cha marehemu, fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo leo, msingoje hundi: kumpata msimamizi wa mirathi huchukua miezi, na ndugu wengi hugundua hilo siku ya kulipwa.

Mkataeni mtu anayesema "tulieni, fedha zinakuja" bila tarehe. Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema uthamini wa fidia unadumu miaka 2. Ikipita miezi 6 bila malipo, riba inaanza kuhesabiwa. Ikipita miaka 2, uthamini unarudiwa. Wekeni tarehe hizi ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Watu waliozuiwa kukarabati paa kwa miaka mingi wakisubiri fidia ya bei ya zamani wananyimwa makazi kila mvua inaponyesha, na sheria inawapa hoja.

Sasa lile swali la mfadhili. Kwa kawaida nyumba huthaminiwa nchini kwa kukatwa uchakavu, na asiye na haki ya ardhi huambulia kidogo au hakuna. Lakini mradi wa Benki ya Dunia unaofuata utaratibu wake ulioanza Oktoba 2018 unafungwa na Kiwango cha 5 cha masharti yake ya mazingira na jamii: fidia ni gharama ya kujenga upya bila kukata uchakavu, na hata asiye na haki ya kisheria kwenye ardhi hulipwa banda lake na kusaidiwa kurudisha riziki. Wakopeshaji wengine wana masharti yao, ikiwemo Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, iliyofadhili miradi ya maji Mwanza. Mtaa uleule, banda lilelile, fedha tofauti kwa sababu ya jina la mfadhili. Ndiyo maana tunasisitiza muulize.

"Mko ndani ya mita 60"

Mtalisikia hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ufuo wa ziwa. Ni sheria nzuri. Bila hiyo mazalia ya sato yangejengwa kuta. Jibu lake si kubishana na mita, bali kutenganisha mambo matatu.

Kwanza, pimeni wenyewe kwa futi, maana watu huambiwa wamo ndani ya 60 wakati wako mita 75. Pili, kichanja cha miti na mchanga wa kuanikia si jengo la kudumu, na mwalo ni mahali pa kazi panapotambuliwa na serikali yenyewe kupitia BMU. Tatu, ulizeni mradi unaokuja utakaa mita ngapi, na kwa cheti gani. Sheria inayomwondoa muanikaji na kumweka mwenye hoteli palepale inahitaji maelezo ya maandishi.

Kwa vizimba vya samaki tatizo liko majini, siyo nchi kavu. Wavuvi wachore ramani ya njia za mitumbwi, maeneo ya nyavu na mazalia, kwa namba za mahali kutoka kwenye simu, na iwasilishwe na BMU kabla cheti cha mazingira hakijatoka. Baadaye mtabaki kuomba maboya na taa za usiku tu, ili mitumbwi isigonge.

Makaburi na mahali pa jadi

Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inatambua gharama za kuhamisha mabaki na za ibada. Orodhesheni kila kaburi, hata lile la mawe matatu yasiyo na jina, pamoja na ukoo unaolitambua. Mwambieni mthamini ibada inahitaji nini hasa na siku ngapi. "Mila zizingatiwe" ni maneno tu; ng'ombe mmoja, usafiri wa wazee wanane na siku mbili ni gharama.

Miti ya matambiko, miamba na viwanja vya ngoma havimo kwenye jedwali la fidia, na wazee wengi huona aibu kuvitaja mbele ya wahandisi. Vitajeni kwenye tathmini ya athari, chini ya urithi wa utamaduni. Hapo kuna nafasi ya kusogeza barabara mita kumi, na mita kumi kwenye karatasi ni rahisi kuliko kuomba radhi kwa ukoo mzima.

Mkikataliwa: ngazi na saa zake

Anzeni kwa mtendaji na mradi wenyewe, kwa maandishi, mkitoa siku 14. Kinachohitaji fedha za halmashauri kiingie kwenye mipango ya kata kati ya Oktoba na Desemba. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na ombi la Mei limechelewa mwaka mzima.

Mgogoro wa ardhi huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila malipo, ila haichunguzi jambo lililoko mahakamani, kwa hiyo itangulie. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yao ni bure kwa wasio na uwezo.

Kuishtaki serikali au halmashauri kunataka notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe. Katiba inataja kazi na elimu katika ibara ya 11, lakini ibara ya 7(2) inazuia mahakama kuzisimamia. Wanasheria hupitia ibara ya 14 (uhai) na ya 24 (mali). Njia hiyo imewahi kufanya kazi: katika shauri namba 90 la 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani walilizuia Jiji la Dar es Salaam kutupa taka mtaani kwao, Mahakama Kuu ikitegemea haki ya kuishi. Tangu marekebisho ya 2020 mlalamikaji wa haki za msingi lazima aonyeshe jambo limemgusa yeye mwenyewe. Daftari lenu lenye majina na picha linajibu hilo.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha haipokei tena shauri jipya la mtu binafsi dhidi ya Tanzania tangu Novemba 2020. Mahakama ya Afrika Mashariki, pia Arusha, inapokea, na haidai mmalize kwanza mahakama za nyumbani. Lakini ina ukomo wa miezi 2 tangu kitendo au tangu mlipokijua. Angalieni mtego: notisi ya ndani ni siku 90, ukomo huu ni wa siku sitini hivi. Anayengoja notisi iishe ndipo afikirie Arusha ameshachelewa. Mwonyesheni mwanasheria tarehe hizo mbili siku ya kwanza.

Kwa mradi wa Benki ya Dunia, watu wawili au zaidi walioguswa wanaweza kuandikia Jopo la Ukaguzi, chombo cha benki hiyo cha kupokea malalamiko, hata kwa Kiswahili, hadi miezi 15 baada ya mkopo kufungwa. Lazima waonyeshe walishalalamika kwa benki kwanza. Zile nakala zenye mhuri ndizo zitakazoonyesha, kwa hiyo faili liwe na nakala tatu: moja ofisi ya mtaa, moja BMU, na moja nyumbani kwa mama asiyehamahama, ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbali na maji ya mvua.